Tuisheni ya fizikia Ngamiani, Tanga: awamu ya kwanza nililipa, ya pili nimekataa

Binti yangu kasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kidato cha sita kamaliza mwezi wa tano, matokeo tunayasubiri. Anautaka udaktari, na nchi hii njia ya kutoka kidato cha sita kwenda udaktari inapita kwenye fizikia. Somo lenyewe ndilo lililokuwa likimwangusha. Kwa hiyo likizo ya Desemba nikampeleka tuisheni hapa Ngamiani, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli.

Sh 40,000 kwa mwezi, siku nne kwa wiki. Feni moja, nayo inampepea mwalimu. Dawati la watatu wanakaa watano, ukichelewa unaegemea ukuta.

Lakini yule mwalimu, jamani, anajua! Siku moja nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu, binti ananiuliza: "Mama, mzazi akitokwa na damu nyingi mnamwekea kanula gani, ule mrija wa mshipani?" Nikamwambia ya kijivu, ile nene, tena mbili, kila mkono moja. "Kwa nini siyo ya bluu?" Kwa sababu ya kijivu inapitisha haraka. Miaka 19 wodi ya wazazi, jibu langu ni hilo tu. Akachukua kadi ya harusi iliyokuwa mezani, akachora mrija nyuma yake. Kumbe ili ujue kinachopita, nusu kipenyo unakizidisha kwa chenyewe hata kinatokea mara nne. Mrija ukipungua upana kwa nusu, presha ikiwa ileile, kinachopita ni sehemu moja tu ya kumi na sita. Na ukirefuka mara mbili, kinachopita kinabaki nusu. Ndiyo maana tunataka nene na fupi. Nilipanda kitandani, usingizi ukakataa.

Doa ni praktikali. Pale hakuna hata springi moja ya kuning'iniza mawe. Watoto wanapewa namba kutoka pasti pepa, wanachora grafu, basi. Kwenye mtihani wa taifa unakabidhiwa vifaa uvipime mwenyewe. Kwa hilo nawapa nyota tatu.

Sasa wiki iliyopita karani kanipigia: kuna "maandalizi ya udaktari", miezi mitatu, Sh 150,000, fizikia zaidi. Eti Marekani wanaotaka udaktari huisoma fizikia chuoni kwanza. Kweli, huisoma. Ila kule mtu anachukua digrii kwanza ndipo aombe chuo cha udaktari, na mtihani wao wa kuingilia, MCAT, una fizikia ndani. Wetu wanatoka kidato cha sita moja kwa moja, na fizikia wameshaila miaka miwili. Huko mbele wanasubiriwa na anatomia, fiziolojia na baiokemia. Presha ya damu na hewa ya mapafuni watavikuta kwenye fiziolojia humo humo. Nikamwambia karani ahsante, mwanangu, hapana.

Wako akiwa kidato cha tano na fizikia inamtoa machozi, mpeleke, awahi kiti cha karibu na feni. Akiwa kamaliza, baki na hela yako. Wangu nimemwandikisha kompyuta, maana anachapa kwa kidole kimoja, na jioni tunaulizana mifupa. Ya kifundo cha mkono ni minane. Saba tunaitaja, wa nane kila siku unatupotea sote wawili.