Kasha la plastiki na silika jeli kwa kanda za kaseti: uzoefu wangu wa masika mawili

Kwa masika mawili sasa ninahifadhi kanda 54 za marehemu mama yangu ndani ya kasha la plastiki lenye vibano vinne na mfuniko uliozungushiwa mpira, lile linalouzwa madukani kwa kuwekea unga, pamoja na silika jeli, yaani chembe zinazonyonya unyevu, ya rangi ya chungwa. Nyumba yetu iko Tanga, karibu na bahari, na aliyekulia pwani anajua jinsi unyevu unavyoingia kabatini ukaacha ukungu hata kwenye viatu.

Kanda nyingi ni za taarabu, lakini iliyonishtua ni C60 moja, yaani kanda ya dakika 60, ambayo mjomba aliirekodi Muskat na kumpa msafiri amletee mama, badala ya barua. Nilipoiinua kwenye mwanga niliona, kupitia kidirisha chake, unga mweupe kandokando ya utepe: kuvu. Utepe wa kaseti haufiki upana wa milimita 4, na sauti yote imo katika chembe za sumaku zilizoshikizwa kwa gundi juu ya plastiki nyembamba. Gundi hiyo ikinyonya unyevu kwa muda mrefu, huharibika.

Kasha nimeliridhia, ila lenyewe halikaushi kitu. Mara ya kwanza nilizifungia kanda siku ya mvua bila silika jeli, na baada ya mwezi zilinuka uvundo kuliko zilivyokuwa kabatini, kwa sababu mfuniko unaozuia unyevu usiingie huuzuia pia usitoke. Siku hizi huzianika kwanza kivulini, chini ya feni, wakati wa kaskazi, ndipo nikazifunga pamoja na gramu 200 za silika jeli. Chembe zikigeuka kijani, huzikausha kwa moto mdogo katika sufuria isiyopikiwa chakula. Wakati wa masika chembe hugeuka baada ya wiki tatu hivi, wakati wa kaskazi hukaa hata miezi miwili.

Kanda huzisimamisha wima, utepe wote ukiwa umezungushwa upande mmoja, na kasha hukaa mbali na spika, maana sumaku yake inaweza kufifisha sauti. Vile vijino viwili vya juu nimevivunja ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ile ya mjomba niliitenga na sikuthubutu kuicheza, kwa kuwa kuvu ingehamia kwenye hedi ya redio, sehemu inayogusa utepe na kuusoma, na kutoka hapo kwenye kanda nyingine. Fundi aliisafisha, akainakili kwenye kompyuta, na upande wa kwanza unasikika wote, hadi jogoo anayewika nyuma ya sauti ya mjomba.

Kasoro ninayoilalamikia ni mpira wa mfuniko: kona moja ulilegea kabla ya mwaka kwisha, na muuzaji hakuwa na wa akiba. Ningenunua tena kasha la namna hii, lakini lile ambalo mpira wake huuzwa peke yake.