Simenti yenye majivu ya makaa ya mawe: nilivyoiona kwenye shantie yangu Katuba

Nimejenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya parseli yetu hapa Katuba, Lubumbashi, na karibu simenti yote ilikuwa ile inayoandikwa CEM II/B-V 32,5 N kwenye mfuko. Nilianza Juni, sasa ni Machi, mvua zote zimeinyeshea. Naipenda na nitainunua tena. Lakini ilinigharimu linta nzima, ile boriti ya betoni juu ya mlango, kabla sijaielewa, na nisingependa mwingine apitie hapo.

Nilipokwenda dipo kununua, muuzaji aliniambia maneno mawili tu: simenti ni simenti. Mfuko huu ulikuwa chini ya ule wa 42,5, wenye nguvu zaidi, kwa dola moja na nusu, nami nilikuwa nahesabu kila dola, nikapakia mifuko arobaini. Laiti angenisomea yaliyoandikwa pale. Herufi B inasema kwamba kati ya asilimia 21 na 35 ya simenti si klinka, yaani si lile jiwe la chokaa na udongo lililochomwa tanuruni. V ndiyo majivu yenyewe: vumbi jepesi linalonaswa kwenye njia ya moshi ya vituo vya umeme wa makaa ya mawe. Na 32,5 ni nguvu, kwa kipimo cha megapaskali, ambayo simenti hii lazima iwe imefikia ikifika siku ya 28. Herufi N ya mwisho ndiyo iliyoniumiza. Maana yake ni kwamba siku ya saba kiwango kinaidai megapaskali 16 tu, nusu ya nguvu yake.

Fundi wangu ni mtu wa kazi safi, ana miaka mingi kwenye betoni, ila amezoea 42,5. Siku ya tano alitoa mbao za kofraji, zile zinazoshikilia betoni mpaka ishike, chini ya linta ya mlango, kama afanyavyo siku zote. Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Julai hapa kwetu, asubuhi mtu anatoka na koti. Betoni hukomaa polepole kwenye baridi, na hii yenye majivu hukawia zaidi. Kufika jioni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele katikati ya linta. Nilikwaruza pembe yake kwa msumari, nikaona unga wa kijivu unadondoka kwenye kiatu changu. Tuliivunja kesho yake. Fundi alikuwa na uchungu kuliko mimi. “Mama, hii simenti wameichakachua,” akaniambia. Nami niliamini hivyo kwa siku mbili.

Kaka yangu mdogo, ambaye amesomea ujenzi, ndiye aliyetufungua macho. Simenti ikikutana na maji, hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni huacha chokaa isiyo na kazi kubwa. Majivu haya huikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Lakini lazima yasubiri chokaa itoke kwanza, na lazima maji yawepo muda wote huo. Betoni ikikauka mapema, majivu yanabaki vumbi tu ndani yake.

Basi dale ya fosi septiki, yaani bamba la betoni linalofunika shimo la choo, tuliifanya kwa utaratibu mwingine. Kwanza maji ya kuchanganyia. Punje za majivu haya ni za mviringo, kwa hiyo betoni inateleza yenyewe kwenye koleo, na kijana aliyekuwa anachanganya alishangaa kuona ndoo ya mwisho haikuhitajika. Nilisimama pale kuhakikisha haimwagwi kwa mazoea. Tulipomaliza tukafunika kwa magunia, na kwa wiki mbili nzima watoto wangu waliyalowesha asubuhi kabla ya shule na jioni waliporudi. Miti ya kuegemeza tuliiacha mpaka siku ya 28. Fundi aliona siku ni nyingi, nikamwambia afadhali miti ikae kuliko mtu aanguke fosini. Siku ya kuitoa alipiga dale kwa nyundo, ikalia kama kengele, akanitazama bila kusema neno. Mvua za Desemba na Januari zimesimama juu yake bila tone kupenya, na ukingo wake hauachi unga hata ukikwaruza kwa nguvu.

Kwa msingi, dale na matofari ya simenti naisifu bila wasiwasi, maana hapo unaweza kungoja. Kwa linta au nguzo unayotaka kuibebesha mzigo baada ya siku chache, chukua 42,5 ulipe zaidi. Plasta ilitoka laini, sina la kuongeza.

Kuna jambo ambalo majirani huniuliza, nalo linanitia hofu. Wanasema: kama majivu yanafaa, si tutumie ya mbabula, jiko letu la makala? Hapana. Majivu ya makala ya jikoni ni kitu kingine kabisa. Yale ya kituo cha umeme yameyeyuka kwenye moto mkali sana na kupoa ghafla hadi yakawa kama kioo, ndiyo maana yanafanya kazi. Wengine wanataja terril yetu, ule mlima mweusi wa taka za tanuru kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini. Taka za tanuru zinazotumika sana kwenye simenti, zile za CEM III, hutoka kwenye kuyeyusha chuma na zina chokaa nyingi. Za kwetu ni za shaba, zimejaa chuma, zina chokaa kidogo kuliko hizo, na zina kobalti na zinki ndani. Ndiyo sababu mlima umekuwa ukichotwa na kusafishwa upya. Tafadhali, msizibebe kwenye toroli kuzitia kwenye nyumba wanamolala watoto. Hilo lipimwe kwanza na wenye maabara.

Tena nafurahi kwamba sehemu ya simenti ya nyumba hii ni majivu, haikuhitaji kuchomwa upya kama klinka. Klinka huiva kwenye nyuzi 1450 hivi, na jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa hutoa kaboni dioksidi, hata ungetumia moto usio na moshi. Mtu aliyekulia Lubumbashi akitazama lile bomba kila siku hahitaji kuelezwa kwamba kinachotoka juu hakipotei.

Wiki ijayo tunamwaga sakafu ya choo. Mifuko kumi na miwili iko ndani, juu ya mbao, mbali na ukuta, na magunia yameshafuliwa.