Tahadhari: muuzaji wa pikipiki ndogo za zamani anayejinadi kwa "namba zinazolingana"

Naandika tahadhari hii kwa ajili ya kila mtu anayenunua pikipiki ndogo za zamani kwa nia ya kuzikarabati nyumbani, na hasa wale wanaotafuta Honda CT70, Z50 na nyingine za jamii hiyo. Yupo muuzaji anayeuza kupitia mtandao pikipiki anazodai kuwa zimekarabatiwa kikamilifu, zikiwa na fremu na injini zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Nilinunua moja kutoka kwake. Nimeifungua hadi nati ya mwisho, nimelinganisha nilichokikuta na walichokikuta wanunuzi wengine wawili, na sasa nina hakika kwamba sikuuziwa pikipiki iliyokarabatiwa vibaya kwa bahati mbaya, bali niliuziwa kitu kilichoandaliwa makusudi ili kionekane kuwa kitu kingine.

Simtaji kwa jina, kwa kuwa tangu nianze kumdai amekwisha kubadilisha jina la akaunti yake mara mbili, na jina lolote nitakaloliandika hapa litakuwa limepitwa na wakati kabla hamjamaliza kusoma. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, kwa maana mbinu zake hazibadiliki.

Tangazo lilihusu CT70 ya mwaka 1970. Kwa asiyeifahamu, hii ni pikipiki ndogo ambayo Honda ilianza kuiuza mwaka 1969, yenye injini ya silinda moja ya takribani sentimita za ujazo 72, na ambayo katika masoko mengine hujulikana kwa jina la Dax. Usukani wake hukunjwa ili iingie ndani ya gari, na fremu yake si ya mabomba kama ilivyo kwa pikipiki nyingi, bali ni ya bamba za chuma zilizofinyangwa kwa mashine na kuchomelewa pamoja, huku tangi la petroli likiwa limefichwa ndani yake chini ya kiti. Umbo hilo ndilo linalotufanya tuipende, lakini ndilo pia linalomrahisishia kazi tapeli, kwa sababu fremu iliyo kama sanduku huficha mengi chini ya rangi mpya, na tangi ambalo halionekani ni nadra mnunuzi kukumbuka kulichungulia.

Alichokitumia kunivuta ni namba. Aliandika kwamba namba ya fremu na namba ya injini "zinalingana", na akanitumia picha mbili za karibu: kwenye shingo ya fremu, yaani sehemu ya mbele inayoshika usukani, namba inayoanza na CT70, na kwenye injini namba inayoanza na CT70E, zote mbili zikifuatiwa na tarakimu sita zilezile bila tofauti hata moja. Nilifurahi sana kuziona, na hapo ndipo nilipokosea. Honda ilizipa fremu na injini za pikipiki hizi namba za mifululizo miwili tofauti, na kwa hiyo pikipiki ambayo haijawahi kubadilishwa injini kwa kawaida huwa na namba mbili zinazokaribiana, si namba zinazofanana tarakimu kwa tarakimu. Anayekuonyesha namba zinazofanana kabisa, na tena akazifanya kuwa sababu ya kupandisha bei, mara nyingi anakuonyesha kazi ya nyundo yake mwenyewe.

Pikipiki ilipofika niliosha sehemu ya namba kwenye injini kwa petroli na kuimulika kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huonyesha vilima na mabonde ambayo jicho huyakosa. Mahali pa namba palikuwa chini kidogo kuliko chuma kilichopazunguka, na palikuwa na mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja, kama ile inayoachwa na mashine ya kusaga. Tarakimu zenyewe zilikuwa na vina tofauti: moja imezama sana, inayofuata imegusa tu, na zile 3 mbili zilizokuwamo hazikuwa na umbo moja, ya kwanza ikiwa na kichwa cha duara na ya pili ikiwa na kichwa bapa. Hakuna kiwanda kinachopiga chapa namba moja kwa seti mbili za herufi. Shingo ya fremu ilikuwa na hali hiyohiyo, ila huko rangi nzito ilikuwa imezifunika alama za kusaga.

Kama mambo yangeishia kwenye namba, hasara ingekuwa ya fedha na ya moyo tu. Kilichonifanya niandike ni hiki kinachofuata.

Baada ya kuiendesha kwa siku chache, taratibu, niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi, chini kidogo ya mahali ambapo bomba la usukani linaungana na mwili wa fremu. Nilichukua sumaku ndogo, nikaifunga kwa kitambaa chembamba ili isikwaruze, nikaitembeza kutoka katikati ya fremu kuelekea shingoni. Ilishika vizuri mwanzoni, kisha ikalegea, na nilipofika kwenye ufa ikaanguka mkononi. Fremu hii ni ya chuma, na sumaku huachia pale tu ambapo kati yake na chuma kuna kitu kingine kinene. Nilipopiga msasa nilikuta pati ya kuziba mabonde ya magari, nene kama milimita 4, na chini yake bamba lililopasuka kutoka upande mmoja hadi karibu nusu ya upande wa pili. Halikuwa limechomelewa. Lilikuwa limezibwa kwa pati, likasawazishwa na kupakwa rangi ya kupendeza. Shingo ndiyo inayobeba usukani, uma wa mbele na gurudumu lake, na aliyeziba ufa huo aliuona kwa macho yake kabla ya kuuficha.

Baada ya hapo sikuiamini sehemu yoyote. Rimu za CT70 ni za vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa boliti, na katika gurudumu la nyuma nilikuta boliti mbili fupi kuliko nyenzake, ambazo nati zake zilikuwa zimeshika nyuzi chache tu za mwisho. Hapa naomba nisisitize hata kwa ambaye hajawahi kumsikia muuzaji huyu: usilegeze kamwe boliti za kuunganisha rimu ya vipande viwili kabla ya kutoa upepo wote kwenye tairi kwa kuondoa kabisa sindano ya valvu, kwa maana upepo uliomo unaweza kuvitupa vipande hivyo kwa nguvu ya kuumiza vibaya.

Injini ilielezwa kuwa "imefanyiwa matengenezo makubwa", silinda ikiwa imechongwa upya na kuwekewa pistoni iliyoongezwa milimita 0.25. Kipenyo cha kawaida cha silinda hii ni milimita 47, hivyo pistoni niliyoahidiwa ingekuwa ya 47.25. Nilipofungua nilikuta pistoni ya kawaida, isiyo na alama yoyote ya nyongeza kichwani, imekwaruzika upande wa ekzosi kutoka ringi ya kwanza (ringi ni vikanda vya chuma vinavyoizunguka pistoni) hadi chini. Niliitoa ringi ya juu, nikaiingiza peke yake ndani ya silinda na kuisawazisha kwa kuisukuma na pistoni. Pengo kati ya ncha zake, ambalo hupaswa kuwa sehemu ndogo tu ya milimita, lilizidi milimita nzima. Gasketi zilikuwa za zamani na zilikuwa zimepakwa silikoni nyingi kiasi kwamba vipande vyake vilikuwa vikielea ndani ya oili. Tangi lilikuwa limepakwa ndani utomvu wa kuziba kutu bila kutu yenyewe kuondolewa, na magamba yake yalikuwa yameanza kubanduka na kuziba jeti, yaani tundu dogo la kupitishia petroli, ya kabureta. Taa ya mbele, iliyonishangaza kwa kuwaka hafifu, ilikuwa na balbu ya volti 12, ilhali CT70 za miaka hiyo zinatumia umeme wa volti 6.

Nilipomwandikia alijibu kwa upole, akiniita ndugu yangu, na kuniomba nimtumie picha. Nilipomtumia picha za pistoni lugha ilibadilika: alisema kwamba kwa kuwa nimefungua injini, dhamana imekwisha. Ndiyo kusema kwamba dhamana yake ipo mradi tu mnunuzi asiangalie alichonunua. Nilipomtumia picha ya shingo ya fremu alinizuia nisiweze kumwandikia tena.

Wanunuzi wengine wawili niliwapata baada ya kuuliza kwa wapenzi wa pikipiki hizi. Mmoja aliuziwa Z50 iliyokuwa na pati kwenye fremu, karibu na mahali pa kufungia injini. Wa pili aliuziwa CT70 kama mimi, ya rangi nyingine, na alipozisoma namba zake nilimwomba arudie mara mbili kwa sababu sikuamini masikio yangu: zilikuwa namba zilezile za pikipiki yangu. Picha za tangazo tulizotumiwa nazo zilikuwa za pikipiki moja, yenye mkwaruzo uleule kwenye kifuniko cha klachi, na mkwaruzo huo haupo kwenye pikipiki yangu wala yake. Kwa hiyo ipo mahali fulani CT70 moja nzuri, au zipo angalau picha zake, na namba yake inapigwa kwenye fremu chakavu na kuuzwa tena na tena. Mnaelewa maana yake kwa mtu atakayetaka kuisajili: anaweza kuambiwa kwamba namba hiyo tayari ni ya mtu mwingine, na akajikuta anaulizwa aliipata wapi.

Dalili za kumtambua ni hizi. Picha zake hupigwa juu ya turubai la kijivu, na pikipiki huonyeshwa ubavu mmoja tu. Video zake huanza injini ikiwa tayari inanguruma, kwa hiyo huwezi kujua kama imewashwa kwa kiki moja au baada ya nusu saa ya jasho. Hutumia maneno "namba zinalingana" na "haina hata tone la pati" ndani ya tangazo, kabla hujauliza. Ukichelewa kujibu, atakuambia kwamba kuna mtu amekwisha kutanguliza malipo, na kwamba anakupendelea wewe kwa kuwa ameona unaipenda kazi hii.

Ukiwa na shaka kwamba unazungumza naye, mwombe video moja isiyokatwa. Aanze kwa kuonyesha karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa kando ya namba ya fremu, aguse silinda kwa kiganja ili ionekane kuwa ni baridi, kisha apige kiki. Mwombe pia afungue kifuniko cha tangi na kumulika ndani kwa tochi, halafu atembeze sumaku shingoni. Mwenye pikipiki ya kweli atayafanya hayo yote kwa dakika chache. Mimi nilimwomba huyu video kama hiyo kwa kutumia akaunti ya rafiki yangu, na jibu lilikuwa kwamba yeye hauzii watu wasio na imani.

Sitaki wauzaji waaminifu wabebeshwe mzigo wa mtu huyu. Wapo wanaouza fremu yenye kutu na kuionyesha kutu yenyewe, na wapo wanaofunga injini mpya za kuiga, ambazo huingia kwenye fremu hizi bila shida na nyingine hufanya kazi vizuri, nao hueleza wazi kwamba si za awali. Hao ndio wanaotuwezesha kuendelea na kazi hii, na sina neno baya juu yao.

Kwa mliokwisha kununua kutoka kwake: tafadhali msiiendeshe pikipiki hiyo leo. Toeni taa ya mbele, tembezeni sumaku shingoni pande zote, na pale inapoachia kwangueni rangi hadi muone chuma kitupu. Toeni upepo kwenye tairi, kisha kagueni boliti za rimu moja baada ya nyingine. Pigeni picha za kila hatua kabla ya kusafisha chochote, hifadhini mazungumzo yote na risiti za malipo, na msizisage wala kuzipaka rangi namba hizo, kwa sababu hali yake ilivyo sasa ndiyo ushahidi. Sisi watatu tumekwisha kupeleka taarifa polisi pamoja na picha za namba zetu. Yeyote ambaye CT70 yake ina tarakimu sita zinazofanana kwenye fremu na kwenye injini aniandikie tarakimu tatu za mwisho tu, nami nitamjibu kama ni zile za kwetu.