Siku tatu Jeju kwa basi, bila kula nguruwe: uzoefu wangu

Nasoma Busan, Korea Kusini, huu mwaka wa pili, na kila nikitaja likizo Wakorea huniuliza swali lile lile: umeshafika kisiwa cha Jeju? Mwishoni mwa Oktoba nikaenda, mimi na shoga yangu wa Mombasa tunayesoma pamoja. Ndege kutoka Busan ni mwendo wa chini ya saa moja. Tulikaa siku tatu, tukalala mara mbili.

Kabla hatujaondoka tulionywa mambo mawili. La kwanza, Jeju bila gari utaona nusu tu, na sisi hatuendeshi. La pili, Jeju ni nguruwe mweusi wa kuchoma; mji wa Jeju una mtaa mzima wa migahawa yake, na sisi hatuli nguruwe. Naandika haya kwa ajili ya msomaji aliye na hali kama yetu, maana mimi nilitafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili nisiyapate.

Nianze na basi. Kadi ile ile ya nauli, T-money, unayotumia Busan au Seoul inatumika Jeju pia, na nauli ya kawaida tuliyolipa kwa kadi ni won 1,150 (won ni sarafu ya Korea). Basi tulilolitegemea ni nambari 201, linaloondoka mji wa Jeju upande wa kaskazini, likafuata pwani ya mashariki kijiji kwa kijiji mpaka Seogwipo, kusini. Ni la polepole kweli. Ukiwa na haraka lipo la 101, linaloruka vituo vingi, ila nauli yake ni kubwa zaidi. Pakua Naver Map au KakaoMap kabla ya safari, kwa sababu Google Maps huku Korea haikuongozi vizuri. Na usisahau kugusa kadi unaposhuka.

Polepole ile ndiyo iliyonionyesha kisiwa. Jeju ni kikubwa kidogo kuliko Unguja, na chote kimezaliwa na volkano. Katikati umesimama mlima Hallasan, mita 1,947, mrefu kuliko yote Korea Kusini, na kuuzunguka kuna vilima zaidi ya 360 wanavyoviita oreum, kila kimoja kikiwa ni kinywa cha volkano kilicholala. Wenyeji wana hadithi ya bibi mmoja jitu, Seolmundae Halmang, aliyebeba udongo kwenye sketi yake kuujenga mlima. Sketi ilikuwa na matobo, na kila ulipodondoka udongo pakaota kilima.

Dirishani unaona kuta nyeusi zisizokwisha. Ni mawe ya lava yaliyopangwa bila saruji kuzunguka kila shamba, na kati ya jiwe na jiwe pana tundu. Nilidhani ni ufundi hafifu mpaka nikausikia upepo wa Jeju: ukuta uliozibwa ungeangushwa, huu wenye matundu unaupitisha upepo na kuupunguza nguvu. Mimi ni mtu wa Jambiani, Unguja, nimekulia mashamba ya maweni yaliyozungushiwa kuta za mawe ya matumbawe. Rangi tu ndiyo tofauti. Mpunga nao haustawi huku, kwa kuwa mvua ikinyesha maji hupenya kwenye mawe na kuzama, yakaja kutokeza chemchemi ufukweni. Ndiyo maana vijiji vya zamani vimejipanga pwani.

Siku ya kwanza tulipanga kuvuka kwenda Udo, kisiwa kidogo kilicho dakika kama 15 kwa feri kutoka Seongsan. Tulifika bandarini na pasipoti mkononi, kwa kuwa ni lazima ujaze fomu na uonyeshe kitambulisho, tukakuta feri zimesimamishwa. Upepo. Hakuna wa kulaumiwa, lakini jipange: safari ya Jeju isiwe na jambo la lazima lililobanwa kwenye siku moja tu.

Tukapanda 201 tukarudi nyuma hadi Hado, kwenye Makumbusho ya Haenyeo. Kiingilio won 1,100. Nilikwenda kwa kukosa pengine pa kwenda, nikatoka humo baada ya saa mbili na nusu, macho mekundu.

Haenyeo ni wanawake wa bahari. Wanazamia bila mtungi wa hewa, mita kumi na zaidi, wakizuia pumzi dakika moja hata mbili, wakiokota konokono wa bahari, jeonbok (aina ya kombe mwenye ganda moja), shumu wenye miiba, jongoo bahari, pweza na mwani. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 3,000, na walio wengi wamepita miaka 60. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wao katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwenye makumbusho nimeona nguo za pamba walizozamia nazo kabla ya suti za mpira, majira ya baridi, na maelezo ya mwaka 1932, walipoandamana kwa maelfu kupinga kunyonywa chini ya utawala wa Wajapani.

Kilichonishika zaidi ni utaratibu wao. Wana madaraja matatu, hagun, junggun na sanggun, kwa kadiri ya ujuzi na kina anachofika mtu, na hata pale wanapoota moto kila mtu anajua mahali pake pa kukaa. Halafu kuna sehemu ya bahari isiyo na kina wanayowaachia wazee, wanaiita bahari ya bibi. Kijana hagusi pale. Nimekua nikimfuata bibi yangu maji yakitoka wakati wa bamvua, yeye na kijiti chake akichokoa pweza miambani, na baadaye kwenye vigingi vya mwani. Najua maana ya mama mtu mzima anayefika na kukuta karibu pameshakombwa.

Usiku ule tulilala nyumba ya wageni pale Seongsan ambayo sitaitaja. Picha zilionyesha dirisha la baharini; dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Nilisikitika, kwa kuwa tuliongeza pesa kwa ajili ya dirisha hilo. Sakafu lakini ilikuwa ya moto, ondol, magodoro yametandikwa chini, na baada ya upepo wa mchana kutwa tulilala kama watoto. Ushauri wangu: soma maoni ya wageni yenye picha walizopiga wenyewe.

Alfajiri tulipanda Seongsan Ilchulbong. Tiketi ni won 5,000, na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi panafungwa, angalia kalenda. Ni kilima cha mita 182 kilichotokea miaka kama 5,000 iliyopita, pale moto wa chini ulipokutana na maji ya bahari isiyo na kina. Majivu yakalipuka, yakarundikana, yakawa bakuli kubwa lililoinuka kutoka majini. Mwanzo kilikuwa kisiwa peke yake, mchanga ndio uliokiunga na nchi kavu. Ngazi ni nyingi na za mwinuko, tulitumia kama nusu saa. Jua lilitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Ndani ya bakuli ni majani matupu, kijani, hakuna aliyeruhusiwa kushuka, na kwa mbele ni bahari tu. Shoga yangu alisema neno moja: Subhanallah. Nami sikuwa na la kuongeza.

Tukirudi chini tulipita ufukwe wa Teojinmok. Pana mnara wa kumbukumbu ya wanakijiji waliouawa hapo wakati wa machafuko ya Jeju yaliyoanza mwaka 1948, ambayo yaliangamiza watu wanaokadiriwa 25,000 hadi 30,000. Watalii wengi hupita bila kugeuza shingo. Simama kidogo.

Saa nane mchana, chini ya kilima, haenyeo huwaonyesha wageni kazi yao. Maonyesho ni mafupi, na ukitaka kuwaona kazini hasa, pwani ya Hado na Sehwa ni bora. Lakini sitasahau nilichosikia. Kila mzamiaji anapoibuka hutoa pumzi kwa mluzi mrefu, mwembamba, unaokwenda juu. Wanauita sumbisori. Niliurekodi, nikamtumia bibi kwa WhatsApp bila maelezo yoyote. Akajibu kwa sauti: "Huyo kazuia pumzi mpaka mwisho. Mwambieni apumzike." Hajawahi kusikia habari za Korea zaidi ya simu yangu.

Walipotoka majini mmoja alituuzia sahani ya konokono wa bahari mbichi waliokatwa, na sosi ya pilipili pembeni. Ni wagumu kidogo mdomoni, watamu, na chumvi ni ile ya bahari yenyewe. Tulikuwa tunamwita halmeoni, bibi, kama Busan. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akatuelekeza kwamba Jeju mtu mzima wa kijijini unamwita samchun, mwanamke kwa mwanamume, ingawa neno lenyewe maana yake ni baba mdogo au mjomba. Tulipomwita samchun alicheka sana, akatuongezea wawili bure.

Sasa chakula, maana najua wengi ndicho wanachongojea. Jifunze sentensi hii: "dwaejigogi an meogeoyo", sili nguruwe. Utaihitaji mahali usipopategemea. Gogi guksu ni tambi za supu ya nguruwe, hilo ni rahisi kulijua. Hatari ni mom-guk: kwenye picha ni supu ya mwani, imejaa majani ya kijani, na mimi mtu wa mwani nikaiagiza kwa furaha. Msichana wa meza ya pili alinisikia nikiuliza, akatuambia mchuzi wake huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Tukabadilisha kabla haijapikwa. Mwenye mgahawa hakukasirika.

Salama yetu ilikuwa bahari. Vijiji vingi vina mgahawa unaoendeshwa na ushirika wa haenyeo wenyewe, na humo nilikula jeonbok-juk, uji mzito wa mchele na jeonbok, won 13,000. Rangi yake ni kijani iliyoingia dhahabu, inatoka kwenye matumbo ya jeonbok, na ladha yake ni nzito kuliko unavyodhani ukiuangalia. Kwa mtu aliyeshuka mlimani na njaa, hakuna kitu kizuri kama hicho Jeju nzima. Supu ya shumu na mwani nayo ni nyepesi, safi, bora kwa aliyepigwa na baridi.

Usiku wa pili, Seogwipo, tulikula galchi jorim. Galchi ni samaki mrefu, mwembamba, wa rangi ya fedha kama upanga, anayepikwa na figili, mbatata na pilipili nyekundu mpaka mchuzi unakauka. Tuliomba wasitie pombe ya mchele, wakakubali. Tulilipa won 50,000 kwa watu wawili, na sahani ndogo ndogo za pembeni huongezwa bila malipo. Ni ghali kwa mwanafunzi. Pia migahawa mingi haipiki galchi jorim kwa mtu mmoja, kwa hiyo anayesafiri peke yake aagize galchi wa kuchoma. Mimi nilikula wali wote na nikafuta chungu.

Soko la Olle, hapo Seogwipo, tulilipitia mara mbili. Nunua omegi-tteok, vitumbua vinavyonata vya nafaka vilivyoviringishwa kwenye maharage mekundu, na machenza. Oktoba machenza ya mwanzo yanaanza, ngozi bado ina ukijani, na yana ukali kidogo ninaoupenda. Hallabong, lile chenza kubwa lenye nundu iliyofananishwa na mlima Hallasan, huiva majira ya baridi. Tulipata juisi yake tu.

Asubuhi ya mwisho tulikwenda kwa miguu hadi Jeongbang, maporomoko ya mita 23 yanayomwaga maji moja kwa moja baharini. Mawe ya chini yanateleza, vaa viatu vya kushika. Hallasan hatukupanda: njia zinazofika kileleni ni mbili tu, Seongpanak na Gwaneumsa, nafasi huwekwa mapema mtandaoni, na hilo tulilijua tumeshachelewa.

Kwa jumla kila mmoja wetu alitumia kama won 300,000, tiketi ya ndege ikiwemo. Tunarudi mwezi Mei. Safari hii tutalala Sehwa usiku wote, karibu na soko na kituo cha 201, na siku ya kwanza yenye bahari tulivu tutavuka Udo.