tmux: nyota nne, na ile ya tano nina sababu

Niliijua tmux, programu inayoziacha kazi za terminali (dirisha la kuandikia amri) ziendelee hata muunganisho ukikatika, nikiwa na hasira. Saa nne usiku, Tabata, napakia hifadhidata ya mteja kwenye seva ya mbali, imebaki kama robo hivi, umeme ukakatika. Ruta ikazima, SSH (njia ya kuingia seva ya mbali na kuiandikia amri) ikaning'inia, na kazi ya saa mbili ikafa nayo. Jamaa yangu wa kazini akaniuliza tu: "Kaka, hukuwa ndani ya tmux?"

Sikuwa. Siku hizi siigusi seva kabla sijaandika `tmux new -s kazi`. Sesheni, yaani kazi zote nilizofungua, inaishi huko huko kwenye seva, si kwenye laptopu yangu. Bando liishe, nipande daladala, nifike nyumbani nile kwanza. Nikiandika `tmux attach -t kazi` nakuta kila kitu kilivyokuwa, hadi amri niliyoiacha nusu.

Screen, programu ya zamani ya aina hii, ilikuwepo tangu 1987 na inafanya hili pia. Kilichonihamisha ni vidirisha. Naingia seva moja, nawasha tmux, kisha kila kidirisha nakipa SSH yake kwenda seva nyingine. Ctrl-b halafu % inagawa skrini kushoto na kulia; Ctrl-b halafu " inagawa juu na chini. Pakibana, Ctrl-b z inakikuza kimoja kijae skrini nzima.

Bei ni bure. Kasoro zipo. Ctrl-b, inayotangulia kila amri ya tmux, inaumiza vidole, mimi niliibadilisha kuwa Ctrl-a kwenye faili la mipangilio, `~/.tmux.conf`, wiki ile ile. Mistari 2000 ya kurudi nyuma inayokuja nayo haitoshi kusoma logi (rekodi ya matukio ya seva) yoyote ya maana, ongeza `history-limit`. Na seva yenyewe ikizimwa, sesheni zote kwaheri.

Halafu kuna `synchronize-panes`: unachoandika kinakwenda vidirisha vyote. Kusasisha seva sita kwa mkupuo mmoja ni raha tupu. Siku moja nikasahau kuizima, nikaandika `reboot` nikidhani naiwasha upya seva ya majaribio peke yake. Vidirisha sita vikanyamaza kwa pamoja. Bosi alipiga simu kabla hata moja haijaamka. Sasa nimeweka neno jekundu kwenye mstari wa chini, linatokea kila nikiwasha `synchronize-panes`: HATARI.

Nyota nne kati ya tano. Niliyokata ni ya Ctrl-b. Ile `reboot` ni yangu mwenyewe.