Vijana wa Nyakato waliotuunganishia mifumo ya shule, nimekaa na kazi yao mihula miwili

Wakuu, naandika hii maana walimu wenzangu wa taaluma huku Kanda ya Ziwa wananiuliza kila siku. Shule yetu ipo Buzuruga, tawi lingine lipo Sengerema, mmiliki ni yuleyule. Mfumo wa taaluma tulinunua kwa mtu mmoja, wa ada kwa mwingine, hosteli nao wana wa kwao, kwahiyo mtoto akihama toka kule kuja huku tulikuwa tunaweka Excel kwenye flashi, mtu anavuka nayo kivuko cha Kamanga, halafu mhasibu anaanza kuingiza upya jina moja moja. Kuna mama aliitwa kudaiwa ada ambayo kashalipa yote, kisa jina la mwanae la Kisukuma lina "bh", mfumo mmoja umeandika na h mwingine bila h, wakawa watoto wawili. Alisimama pale dirishani kashika risiti zake zote, foleni iko nyuma yake. Iliniuma sana ile siku.

Fundi wa kwanza simtaji. Alichotujengea ni programu ya kunakili kila kitu usiku toka mfumo mmoja kwenda mwingine, basi. Tarehe za kuzaliwa zikarudi nyuma siku moja, aliyezaliwa 1 Januari 2012 anasomeka 31 Desemba 2011! Kumbe tarehe ilihifadhiwa kama saa sita usiku ya huku kwetu, seva ikaigeuza kwenda UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tupo mbele masaa matatu, ikawa saa tatu usiku ya jana yake. Ukikosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto anayejiandaa na mtihani wa taifa unajua mwenyewe shughuli yake.

Hawa wa sasa wapo watatu, ofisi yao iko juu ya duka la vipuri. Siku ya kwanza hawakugusa kompyuta kabisa, walitukalisha mimi, mhasibu na matroni wakawa wanauliza tu: jina la mtoto ni la nani? Namba ya mzazi ikibadilika nani anaibadilisha? Tulibishana karibu asubuhi nzima, mwisho tukakubaliana taaluma ndo mwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na darasa, uhasibu mwenye salio, hosteli mwenye kitanda. Kila mfumo unatoa data ya kile kilicho chake tu, mwingine akitaka anaomba. Kwangu hapo ndo kazi ilipofanyika, kuandika programu kulikuja baadae.

Wamefuata SIF, utaratibu wa kupeana data ulioanzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mifumo ya shule, hata Australia na Uingereza upo. Toleo la 3 linapita kwenye REST ya kawaida, yaani mifumo inaombana data kama kivinjari kinavyoomba ukurasa wa tovuti, kwahiyo hakuna mtambo wa kununua. Kila mtoto anapewa RefId, yaani kitambulisho chake ndani ya mifumo, herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari, hiyo haibadiliki hata jina likirekebishwa mara kumi. Namba ya PReM, ile ya mwanafunzi inayotoka Baraza la Mitihani, imewekwa pembeni kama kitambulisho kingine, maana mtoto anayetoka shule ya nje ya nchi anafika hana.

Siku ya kupokea kazi niliwajaribu. Nikamwambia mhasibu asajili mtoto, akibonyeza tu nachomoa rauta. Mtandao ukakata, nikarudisha, ombi likaenda tena lenyewe, tukafungua orodha: mtoto ni mmoja! Kijana akanionyesha kwamba anayetuma ndo anapendekeza RefId toka mwanzo, ombi likija mara ya pili upande wa pili unaona huyu ninaye tayari. Kwa huku kwetu ambapo umeme unaweza kukatika mara tatu kabla ya chai, kwa hilo tu nililipa kwa roho nyeupe.

Nilichopenda kingine ni ruhusa. Matroni haoni ada, mhasibu haoni mambo ya afya ya mtoto, na kila aliyeomba rekodi anaandikwa muda na alichochukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi 1 Mei 2023, na hawa ni watoto wa watu jamani, shule nyingi bado zinarusha orodha nzima na namba za wazazi kwenye grupu la WhatsApp.

Walipokosea: orodha ikiombwa kwa kurasa za watoto mia mia, watoto watatu hawakutokea kabisa na mmoja akatokea mara mbili. Hawakuwa wamepanga orodha kwa kitu kisichobadilika, kwahiyo kila ukurasa ulikuja na mpangilio wake. Niligundua kwa kuhesabu kwa mkono na leja, wao hawakuhesabu, na hilo niliwaambia wazi. Walirekebisha jioni ileile. Mwongozo wao nao ni Kiingereza kitupu, kurasa nne, matroni wetu hana cha kufanya nao, na Jumamosi simu hawapokei wakati ndo siku wazazi wanakuja kulipa.

Malipo yalikuwa awamu tatu, ya mwisho nimeishikilia mpaka mwongozo wa Kiswahili uje. Maktaba bado ipo nje ya mfumo, vitabu vinaandikwa kwenye daftari, wamesema wanaanza nayo Jumatatu.