Podikasti kwa taasisi yenye walengwa wachache: uzoefu wangu

Nimetumia podikasti katika kazi za vyama vya wataalamu na vikundi vya utetezi. Kwa anayejua anazungumza na nani, ni chombo cha thamani kubwa. Anayetaka kusikika na kila mtu, pesa yake itapotea. Chama cha wauguzi wa chumba cha upasuaji hakihitaji wasikilizaji laki moja. Kikipata mia tatu wanaosikiliza hadi mwisho, kimewafikia watu wake. Kwa hiyo jina la kipindi litaje walengwa waziwazi. "Sauti Yetu" hakuna atakayeitafuta, lakini muuguzi akiandika "wauguzi wa upasuaji" kwenye programu ya kusikilizia, ataona kipindi chenye maneno hayo.

Kinachonifurahisha zaidi ni mlisho wa RSS, yaani anwani ya mtandaoni yenye orodha ya sehemu za kipindi, ambayo programu za kusikilizia huisoma zenyewe. Sauti zinakaa kwa kampuni moja ya kuhifadhi podikasti, nanyi mnasajili mlisho huo mara moja tu kwenye programu za kusikilizia kama Apple Podcasts, Spotify na nyinginezo. Baada ya hapo kila sehemu mpya hujitokeza yenyewe. Ila taasisi nyingi huumia hapahapa: akaunti hufunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi, naye akiacha kazi, hakuna tena anayeweza kuingia. Tumieni barua pepe ya ofisi tangu siku ya kwanza. Mkihama kampuni, daini uelekezaji wa kudumu, ule uitwao 301, unaozipeleka programu kutoka anwani ya zamani ya mlisho hadi mpya, na ubaki kwa angalau wiki nne ili programu zote zipate anwani mpya. Hakikisheni pia kwamba vitambulisho vya sehemu za zamani, yaani GUID, havibadilishwi. Vikibadilika, programu huziona sehemu hizo kuwa mpya, na msikilizaji anarundikiwa zilezile mara ya pili. Kampuni isiyokubali kuweka uelekezaji siipendekezi, hata ikiwa ya bure.

Upande wa sauti, chumba kina uzito kuliko maikrofoni. Mapazia, zulia na makochi hupunguza mwangwi ambao hakuna programu inayouondoa vizuri. Mgeni akiwa mbali, kila mmoja arekodiwe kwenye kifaa chake, kwenye faili lake, maana sauti iliyorekodiwa kupitia simu ya intaneti hukatika kila mtandao unapoyumba. Mwishoni sawazisheni ukubwa wa sauti kuwa karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kiwango kinachopendekezwa na Apple. Mazungumzo matupu yanatosha kwa MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ya kilobiti 64 kwa sekunde: nusu saa ni takriban megabaiti 14, wakati kilobiti 128 zingekula mara mbili yake. Anayelipia data ataona tofauti. Picha ya jalada iwe ya mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, na maandishi yake yasomeke hata ikiwa ndogo kama kidole gumba.

Takwimu ndizo zinazopotosha viongozi. Kwa vigezo vya IAB, shirika la sekta ya matangazo ya mtandaoni, upakuaji huhesabiwa pale inapopakuliwa angalau dakika moja ya sauti. Hilo halithibitishi kwamba mtu amesikiliza. Simu nyingi hupakua zenyewe usiku, sehemu ikabaki humo bila kuguswa. Ninachoangalia mimi ni mchoro wa usikilizaji ndani ya akaunti za Apple Podcasts na Spotify, unaoonyesha watu wanaachia wapi. Mstari ukiporomoka dakika mbili za mwanzo, mara nyingi chanzo ni salamu ndefu na wasifu wa mgeni. Anzeni na swali lenyewe.

Kwa wanachama pekee upo mlisho wa faragha, ambapo kila mtu hupewa anwani yake ya siri. Anwani ikivuja, mnaifunga hiyo moja bila kuwasumbua wengine. Kasoro yake ni kwamba Spotify haina mahali pa kubandika anwani ya RSS, hivyo wanachama waelekezwe kwenye Apple Podcasts au Pocket Casts, tena kwa maelezo ya hatua kwa hatua yenye picha, la sivyo wengi wataishia njiani.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu mlisho ni wa njia moja: haurudishi jina wala maoni ya msikilizaji. Pengo hilo mlizibe wenyewe kwa anwani fupi ya tovuti inayotamkika, isomwe katikati ya kipindi, kabla wasikilizaji hawajaanza kuondoka.